Nafuu ya Siku Tisa

Mgeni alitokea kwenye ukungu akiwa na soksi tupu miguuni, viatu kavibeba mkononi, mbwa wetu wawili wakimbwekea huku na huku. Ilikuwa Jumanne, katikati ya kukamua kwa mchana. Tulikuwa watatu kwenye matundu ya ua, baba katikati, mama kushoto kwake, mimi kulia, na kondoo walikuwa wanapita mmoja mmoja mbele yetu kama kawaida. Kondoo akishaingiza kichwa tunduni, haachwi mpaka akamuliwe, hata aje nani.

"Bwana," baba akamwambia bila kuinuka kwenye kigoda, "hizo soksi umezitoa wapi? Nzuri sana kuzipitishia matope."

"Gari limekwama darajani," mgeni akasema, akihema. "Na viatu ni vya harusi ya dada yangu. Ni keshokutwa."

"Basi umepotea. Harusi ziko bondeni. Huku juu tuna mbuzi tu, na wameshaolewa."

Mama akacheka. Mgeni naye akacheka kidogo, kisha akaacha. Alikuwa kijana, labda ana miaka mitatu tu zaidi yangu, mwenye miwani iliyojaa matone, na begani alikuwa na sanduku la bluu la kuhifadhi baridi.

"Namtafuta bača Vendelín," akasema. Bača ndivyo tunavyomwita mchungaji mkuu, anayetunza kondoo wa kijiji kizima kuanzia Mei mpaka theluji.

"Umempata. Kama ni jibini, subiri tumalize. Kama ni ukaguzi, sipo."

"Naitwa Kornel Hatala, daktari. Natoka ofisi ya afya ya mkoa. Nimekuja kwa habari ya Imrich Gajdoš."

"Imrich ana uchovu wa pombe wa wiki nzima. Mwambie anywe maji ya kabichi."

"Imrich amelazwa tangu juzi, bača. Hamtambui mkewe."

Maziwa yaliendelea kudondoka ndooni. Baba alimkamua yule kondoo mpaka mwisho, akamsukuma apite, akamvuta mwingine. Alikuwa na kondoo kumi na mmoja waliobaki upande wake, na akawakamua wote kumi na mmoja. Daktari alisimama kwenye matope akimngoja. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumpenda yule daktari, kwa sababu alielewa.

Ndani ya kibanda mama alimpa soksi kavu za sufu na kikombe cha žinčica ya moto, yale maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, tunayoyachemsha polepole mpaka yafanye povu zito. Aliushika mkono wa mbao wa kikombe, akauangalia, hakunywa.

"Hii imechemka?"

Baba akamgeukia mama. "Otília, umesikia? Miaka thelathini na minne niko na sufuria hii."

"Naomba tu unijibu."

"Imechemka, mwanangu. Kunywa."

Akanywa. Kisha akatoa daftari na kuuliza kuhusu Jumapili ile ya katikati ya Mei, siku ya kuchanganya kondoo. Siku hiyo kila mwenye kondoo hupandisha wake mlimani, wanahesabiwa, wanachanganywa kuwa kundi moja, na bača anawalisha watu. Walikuja thelathini. Daktari alikuwa ameshazungumza na ishirini na wawili kwa simu. Wote walikula viazi, wote walikunywa žinčica, wote walikuwa wazima kabisa.

"Ndiyo maana nimepanda," akasema. "Kuna kitu Imrich alikula au alikunywa, wengine hawakukipata."

Mama aliacha kufuta meza. Baba alikaa wima.

"Imrich si wengine," akasema.

Imrich alikuwa rafiki wa baba tangu darasa la kwanza. Maisha yake yote aliendesha magari ya magogo, na siku mimi nilipozaliwa, wakati barabara ilikuwa imefungwa na theluji, ndiye aliyemteremsha mama hospitali juu ya lori la miti. Kila mwaka, siku ya kuchanganya kondoo, wageni walipokuwa wanakunywa žinčica, baba alikuwa anakwenda kwa mbuzi mweupe, Bela, anamkamua moja kwa moja ndani ya kikombe kikubwa cha mbao, na kukileta kikiwa bado kinatoa mvuke. Kikombe hicho hakikuwa cha wageni. Kilikuwa cha watu wake. Babu yake alifanya hivyo, na baba wa babu yake. Kwetu maziwa ya mbuzi yasiyoguswa na moto ni dawa ya kifua na ni heshima, na kumchemshia rafiki maziwa hayo ni kama kumwekea maji kwenye mvinyo.

Baba alimweleza daktari yote hayo kwa fahari. Alipokuwa anasema, niliona uso wa Hatala unabadilika, na baba naye akaona. Sauti yake ikapungua mpaka ikaisha.

"Nani mwingine alikunywa?"

"Mimi. Na huyu binti yangu, Radana."

"Umechanjwa?" Hatala akaniuliza.

"Ndiyo. Chuoni, mwaka wa pili."

Nilisema hivyo tu. Nilikuwa nimemaliza shahada yangu ya biolojia siku nne kabla ya Jumapili ile.

"Na wewe, bača? Ulipata homa?"

"Mafua ya Mei. Siku nne. Viungo viliuma, nikanywa chai ya maua ya mti wa mlindeni, yakaisha."

"Yaliisha lini?"

"Jumatano iliyopita. Tangu siku hiyo nakula kama farasi. Muulize mama hapo."

"Anakula mpaka aibu," mama akasema. Alikuwa anamtazama daktari usoni.

Kalamu ya Hatala ilikuwa imesimama. Nilijua anahesabu, kwa sababu na mimi nilikuwa nahesabu. Jumatano mpaka Jumanne. Siku sita.

Mchana wote uliobaki baba alimshikia daktari mbuzi wanane, mmoja mmoja, ili atoe damu. Alimtania kwamba anachoma sindano kama mtu anayeshona gunia. Lakini alikuwa amewashika mbuzi kwa upole kuliko kawaida, hasa Bela, na mara mbili nilimwona amesimama na kutazama bondeni, kulikokuwa na ukungu mtupu.

Nilimsindikiza daktari mpaka mwisho wa malisho.

"Unaijua homa hii?" akaniuliza.

"Niliifanyia mtihani. Kupe anamuuma mbuzi, mbuzi haugui, virusi vinapita kwenye maziwa siku chache tu kisha vinatoweka. Kwa binadamu, homa ya kwanza. Kisha siku za nafuu."

"Kisha?"

"Kisha ama inaishia hapo ama inaingia kwenye ubongo."

"Ulipata maksi ngapi?"

"Zote."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Mteremshe baba yako. Akalale hospitali tumwangalie."

Nilirudi nikamwambia baba. Alikuwa anageuza bonge la jibini kwenye kitambaa.

"Wana dawa?"

"Hapana. Ikishaingia hakuna ya kuiua. Chanjo ni ya kabla."

"Sasa watanipa nini?"

"Kitanda. Na watu wa kukuangalia."

"Kitanda ninacho. Wa kuniangalia ni wewe, na hunidai hata kusaini fomu."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kungoja. Nimejaribu mara nyingi kueleza zile siku na sijaweza vizuri. Mlima mzima ulikuwa wazi, majani yalikuwa yamefika magotini, na hatukuwa na pa kwenda. Kondoo mia moja arobaini na sita walitaka kukamuliwa mara tatu kwa siku. Ukungu haukuondoka. Mama alichemsha kila kitu, hata maji ya kunawia. Jibini mbichi tuliacha kuuza, kama Hatala alivyotuomba, na mabonge tuliyotengeneza tuliyafukia nyuma ya kibanda. Na baba alikuwa mzima. Hilo ndilo lililotufunga kuliko yote. Alipanda, alishuka, alipasua kuni, alimtukana kondoo dume. Kila akipitisha mkono kwenye paji la uso, mama na mimi tulisimama.

"Acheni kunitazama kama keki iliyo jikoni," akatuambia.

Jumatano ilipita. Siku ya saba. Nilikuwa nimeanza kutumaini, na tumaini lenyewe lilikuwa linachosha kuliko woga.

Alhamisi, baada ya kukamua kwa mchana, baba aliniita tuhamishe ua. Ua wetu ni wa vipande vya mbao tunavyovisogeza kila siku mbili ili kondoo warutubishe sehemu nyingine. Tulibeba vipande vinne, tukavifunga, kisha akaegemea kwenye kimojawapo.

"Wewe umesoma," akasema. "Anapita wapi?"

"Nani?"

"Huyo mdudu. Kutoka tumboni mpaka kichwani. Kichwa kina mfupa."

Nilifikiri kwanza. Sikutaka kumpa yale maneno ya mtihani.

"Anatoka tumboni anaingia kwenye damu. Damu inafika kichwani, kama kila mahali. Lakini mishipa ya ubongo ina ukuta uliofungwa kuliko mingine yote. Chembe zake zimebanana, hakuna tundu. Sukari inaruhusiwa, hewa inaruhusiwa, vingi vinarudishwa."

"Kama hapa," akasema, akapiga ubao.

"Kama hapa. Kuna virusi vingine haviji kwa damu kabisa. Vya mbwa mwenye kichaa vinaingia kwenye neva pale pale alipouma na kupanda nazo taratibu mpaka juu. Hivi vyako—" nikajishika, "hivi vya kupe, vinakuja kwa damu. Vingine vinaingia ndani ya zile chembe za ukuta na kutokea upande wa pili. Na vingine vinabebwa. Damu ina askari wake, chembe nyeupe, wanaoruhusiwa kupita kwenda kulinda. Virusi vinajificha ndani yao."

Baba alimwangalia mbwa wetu mkubwa, Dunčo, aliyekuwa amelala ndani ya ua, katikati ya kondoo.

"Huyu nimemtoa kupe saba asubuhi," akasema. "Kwenye manyoya ya shingo. Nikamwingiza mwenyewe na kufunga mlango."

"Ni kama hivyo."

"Kwa hiyo anaingia na mlinzi."

"Wakati mwingine. Bado watu hawajui vizuri kwa nini kwa mmoja anaingia na kwa mwingine hapana."

Akang'oa jani, akalitafuna. Nilijua ni lazima niseme sasa, au sitasema tena.

"Baba. Mimi sikunywa."

"Hukunywa nini?"

"Kikombe cha Bela. Uliponipa nilizunguka nyuma ya kibanda nikakimwaga kwenye upupu. Kisha nikarudi nikajifuta mdomo."

Hakunitazama. "Ulijua yana kitu?"

"Nilijua inawezekana. Kila mwaka mtu mahali fulani anaugua kwa maziwa mabichi ya mbuzi. Sikujua kwamba hayo yanacho."

"Na Imrich alikuwa amekaa pembeni yako."

"Ndiyo."

"Nilikijaza tena, akanywa baada yako."

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini hukusema?"

"Watu thelathini walikuwa wanakutazama. Ulikuwa umekishika kile kikombe kama padri. Nilikuonea aibu." Nilikuwa nalia sasa. "Nilifikiri nitakueleza baadaye, tukiwa wawili, polepole."

Nilingoja anipigie kelele. Angenipigia kelele ningepumua. Alitema lile jani, akainama akakaza kamba ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

"Mama yangu," akasema, "alikuwa na uvimbe tumboni miezi mitano. Daktari alijua, baba yangu alijua, mimi nilijua. Tulimwambia ni gesi. Siku ya mwisho alinitazama, Radana, akaniambia, 'Mmeniacha peke yangu humu.' Nilikuwa na miaka ishirini, sikuelewa. Alikuwa amezungukwa na watu sita."

Dunčo aliinua kichwa, akakirudisha.

"Sikudai kitu kwa lile la kikombe. Hilo tutalibeba wote wawili, na mimi ndiye niliyekikamua. Lakini kuanzia leo usinionee aibu. Kitu ukikijua, niambie. Hata kikiuma."

"Hata ukiwa unaumwa?"

"Hasa nikiwa naumwa. Hata nikilala kama gogo na kila mtu akasema huyu hasikii. Wewe ujue niko humu, uniambie. Ahidi."

"Naahidi."

"Sio kwa kulia. Ahidi vizuri."

Nikajifuta uso kwa mkono wa koti. "Naahidi, baba."

"Haya. Shika ule upande."

Kesho yake, Ijumaa, siku ya tisa, mkono wake wa kulia ulikataa kufunga. Alikuwa amemshika kondoo wa tatu, akaangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Umelala," akasema. "Otília, mkono umelala."

Alijaribu kwa mkono wa kushoto. Alimkamua yule kondoo mpaka mwisho. Kufikia saa sita mchana alikuwa amelala kibandani, blanketi juu ya macho kwa sababu mwanga ulimuumiza, shingo imekakamaa kiasi kwamba nilipotaka kumwekea mto, mabega yaliinuka pamoja na kichwa. Alimwita mbwa aliyekufa kabla sijazaliwa. Gari la wagonjwa halikuweza kupita darajani, kwa hiyo mjomba wangu alimteremsha kwa trekta, juu ya nyasi, mama amekumbatia kichwa chake njia nzima ili kisitikisike. Wenye kondoo waligawana zamu za kukamua, nami nikachukua ya alfajiri na ya jioni. Mchana ulikuwa wa hospitali.

Kwa wiki mbili za kwanza hapakuwa na baba wa kuzungumza naye. Kisha uvimbe ulipungua na homa ikaenda, lakini virusi vilikuwa vimepita kwenye shina la ubongo na sehemu ya juu ya uti wa mgongo, na vilipopita viliacha kimya. Mikono yote miwili haikusogea. Hakuweza kumeza. Walimtoboa shingo, wakaweka bomba, na mashine ikapumua kwa niaba yake. Alikuwa chumba cha saba, ghorofa ya tatu, kwenye dirisha lisilofunguliwa. Mtu ambaye hakuwahi kulala Juni chini ya dari.

"Anasikia?" nikamuuliza daktari wa wodi, mama mmoja mnyamavu aitwaye Benková.

"Hatujui. Zungumza naye kana kwamba anasikia."

Nikakaa karibu na sikio lake nikasema: "Baba, ni Radana. Kama upo humo, funga macho mara moja."

Akafunga. Akafungua. Macho yakaja kwangu, taratibu, kutoka mbali sana.

Mama alisema ni bahati tu, kila mtu anafunga macho. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa nashuka na basi la saa saba na kumwambia kila kitu. Kondoo gani anachechemea. Yupi amezaa nje ya msimu. Kwamba mvua imekatika. Kwamba mjomba anakamua kama anayekunja nguo mbichi, na kondoo wanamkimbia. Kila nilipofika mwisho alifunga macho mara moja, maana yake nimesikia, endelea. Majibu ya damu yalipokuja, na Hatala akanipigia simu kwamba mbuzi mmoja kati ya wanane ameonekana kuwa na virusi, nilimwambia na hilo. "Ni Bela, baba." Alifunga macho na hakuyafungua mpaka nilipoondoka.

"Utamuua kwa habari," mama akaniambia kwenye basi. "Mtu amefungwa kama ndani ya jiwe, wewe unamtupia mawe mengine."

Nilijua anaogopa, na mimi niliogopa vile vile. Kwa siku tatu baada ya hapo mapigo ya moyo ya baba yalikuwa yanapanda na kushuka, na nilijua ni kwa sababu yangu.

Kila siku macho yake yaliuliza habari moja. Nilijifunza kuitambua: yalikwenda mlangoni, yakarudi. Imrich alikuwa chumba cha nne, ukumbi ule ule. Nilikuwa naanza na hilo. "Imrich bado amelala. Hali ni ile ile. Hedviga yuko naye." Akafunga macho mara moja.

Alhamisi ya mwanzo wa Julai tulipotoka kwenye lifti tulimkuta Hedviga, mke wa Imrich, amekaa kwenye kiti cha ukumbini. Mapajani alikuwa na mfuko wa karatasi wenye nguo za mumewe zilizokunjwa, viatu vikiwa juu. Mama alimwona, akashika mdomo. Hedviga alinyanyuka, wakakumbatiana muda mrefu. Imrich alikuwa amefariki saa mbili asubuhi.

Sikujua niweke wapi macho. Yeye ndiye aliyenishika mkono. Aliniambia maneno machache kuhusu mazishi, kwa sauti kavu, ya mtu anayepanga kazi. Hakusema chochote kuhusu maziwa.

Daktari Benková alitungoja mlangoni pa chumba cha saba. "Mmeshasikia," akasema. "Nawaombeni, leo msimwambie. Presha yake haijatulia tangu wiki jana. Mpeni siku kumi. Siwezi kuwakataza, lakini nawaomba."

"Hatamwambia," mama akasema.

"Mama, nilimwahidi."

"Ulimwahidi mtu aliyekuwa amesimama kwa miguu yake. Huyu ni mwingine."

"Ndiyo maana aliniomba. Alijua atakuwa huyu."

"Radana." Mama aliniangalia kama hajawahi kuniangalia. "Nimebakiwa na huyu mmoja. Ukimwambia, na kitu kikamtokea, usinirudie. Nakwambia mbele ya daktari. Usiniite mama."

Je, mama aliingia nami? Hapana. Alibaki ukumbini, nje ya kioo cha chumba, mikono imekunjwa. Niliingia peke yangu.

Mashine ilikuwa inapumua. Mtu alikuwa amemnyoa na kumwacha na mstari mdogo wa sabuni chini ya sikio, nikaufuta. Macho yake yakaja kwangu, kisha yakaenda mlangoni, yakarudi.

Ilikuwa rahisi sana. Sentensi ya jana ilikuwa tayari mdomoni, na jana ilikuwa kweli. Asingejua. Hakuna mtu duniani angejua kwamba nimevunja ahadi, hata yeye. Angefunga macho mara moja, nami ningeendelea na habari za kondoo, na mama angenishika mkono kwenye basi. Nilianza kweli. Nilisema, "Baba, Imrich—" na nikasimama hapo, nikaona jinsi anavyonisubiri. Mwili wote umelala na macho peke yake yamesimama kizingitini. Nikamfikiria yule bibi yangu ambaye sikumwona, katikati ya watu sita.

"Baba, Imrich amefariki. Leo asubuhi, saa mbili. Hedviga alikuwa amemshika mkono. Hakuamka."

Hakufunga macho. Alinitazama, akanitazama, mpaka maji yakajaa pembeni na kuteremka kwenye sikio, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Niliyafuta mimi. Yakaja mengine. Namba kwenye kioo cha mashine zikaanza kupanda, taa ikageuka njano, kisha kengele ikalia, kali, na kupitia kile kioo cha ukumbini nilimwona mama anageuka na kuondoka kuelekea kwenye lifti, bila kuangalia nyuma.

Muuguzi aliingia mbio. Alinishika bega. "Inatosha, dada. Toka. Toka sasa."

"Bado sijamaliza."

"Nimesema toka!"

Niliinama mpaka mdomo wangu ukagusa sikio lake lililolowa, nikamwambia yaliyobaki haraka haraka: kwamba mazishi ni Jumamosi saa nne asubuhi, kwamba wenye kondoo ndio watakaobeba jeneza, na kwamba Hedviga amesema mbele, upande wa kushoto, pale ambapo baba angesimama, hawataweka mtu.